Motokari ya Kulaza Mtu

Tangu alfajiri Mwanahamisi alikuwa na tasbihi mkononi na midomo ikienda, lakini moyo haukufuata midomo. Moyo ulikuwa umeshatangulia kwenye kiwanja cha Patrice, nyuma ya soko la mji wa Baraka. Huko ndiko jamaa walikuwa wanakwenda kukutana baada ya sala ya adhuhuri, na boti ya marehemu mume wake igeuzwe gari.

Mambo yalikuwa hivi. Juma, mume wake, alikuwa na boti kubwa ya mbao yenye mashine mbili, ikipiga njia ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kurudi, watu na magunia. Akiwa njiani, akipungiwa kitambaa kutoka kijiji chochote cha ufukweni, alikuwa anasogea. Anajua ni mgonjwa, au ni mama ambaye uchungu umemkatalia. Anamlaza katikati ya magunia, anampeleka hospitali, na hamuulizi kitu. Juma alipokufa boti ikabaki imevutwa mchangani, jua likaanza kuzifungua mbao zake. Useni, mtoto wake wa kwanza, hakuwa na tumbo la ziwa. Wimbi likiinuka kidogo tu yeye anatapika mpaka nyongo. Ndipo Patrice, mfanyabiashara, akaleta neno: nipeni boti, mimi nina magari matatu niliyoyavusha kutoka Kigoma, chagueni moja lenu. Jamaa wakakubali. Mwanahamisi naye akakubali, na alikuwa na sababu yake. Kabla ya kukata roho Juma alikuwa ameacha wasia kwamba boti yake iendelee kubeba wagonjwa. Yeye aliona kama boti haiwezi tena, basi gari lifanye kazi ya boti.

Wasia ule waliusikia watu wawili tu: yeye Mwanahamisi, na Haruna, mdogo wake Juma. Na Haruna alikuwa amekwisha kuanza kusema mitaani kwamba yale yalikuwa maneno ya homa.

Vijana wa Baraka walikuwa wameshayapa yale magari majina. La kwanza lilikuwa jeupe, la milango minne, limechongoka pua, chini kama mkeka, na magurudumu yake membamba yanang'aa; hilo waliliita Bibi-arusi. La pili lilikuwa jekundu, milango miwili tu, pana kifuani kama mtu wa kubeba mizigo bandarini, na likiwashwa mabati ya jirani yanatetemeka. Hilo ni Simba. La tatu lilikuwa jeep ndefu ya rangi ya majivu, imepondeka ubavu, kioo kimoja kimefungwa kwa kamba, imesimama juu ya magurudumu yake kama mtu anayevuka mto na nguo zake hataki zilowe. Hiyo waliiita Punda, na kila aliyepita aliipiga teke la mzaha.

Mwanahamisi alipofika, jamaa walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Haruna alikuwa amesimama, kanzu safi, kofia mpya, mkono wake juu ya Simba kama mtu anayemshika farasi. Walisalimiana. Mwanahamisi alimjibu salamu yake, maana salamu ni deni la dini, lakini alimjibu akiangalia kofia. Tangu eda yake iishe, Haruna alikuwa ametuma watu mara moja waje kumposa, kwa desturi ya kurithi mke wa kaka. Yeye aliwarudisha na jibu kwamba mlango wake umezoea mguu mmoja. Toka hapo shemeji yake alikuwa mtu wa tabasamu fupi.

Haruna akasema sana siku ile. Alisema Baraka ya leo kila Jumamosi ina arusi, na kila arusi inataka gari la kupita mjini likinguruma, bibi na bwana ndani, pikipiki nyuma, honi juu. Alisema jeep zimejaa, hata watu wa mashirika wanazo, lakini Simba ni mmoja tu toka Uvira mpaka Fizi. Jina la kaka litang'ara. Watu watasema, ile ni gari ya nyumba ya Juma. Useni, aliyekuwa amekaa karibu na Bibi-arusi, akasema polepole kwamba yeye angependa lile jeupe, linakula mafuta kidogo, litafaa kwa teksi ya mjini. Mjomba mmoja akacheka, akamwambia mjini kwenyewe ni barabara ngapi, utazunguka kama kuku aliyefungwa mguu.

Mwanahamisi alimuuliza Patrice, kwa adabu, hilo jekundu limefikaje hapa.

Patrice akakuna kichwa. Akasema liliagizwa na bwana mmoja wa dhahabu wa Lulimba, aliyeliona kwenye simu likampendeza. Hakuuliza kitu. Lilipovushwa ziwa na kushushwa hapa, bwana akaja, akalizunguka, akakaa ndani, akapigwa picha. Kisha akauliza litafikaje Lulimba, kwenye barabara ile ya mawe na matope. Watu wakamwangalia. "Alirudia kwake na pikipiki, mama. Mpaka leo simu yake haipite."

Watu wakacheka. Haruna naye alicheka, lakini mkono hakuuondoa.

Mwanahamisi hakucheka. Alikuwa mtu wa kutazama; darasa lake la shule lilikuwa dogo, la sita, lakini macho hayakuwahi kuacha kusoma. Aliinama, akapitisha ngumi yake chini ya tumbo la Simba. Ngumi ikakwama. Akaenda kwa Bibi-arusi, ngumi ikapita kwa kusugua. Alipofika kwa Punda hakupitisha ngumi. Aliangalia tu na kuona kuku wa Patrice amelala kule chini na vifaranga vyake. Kisha akarudi kwa Simba, akachungulia dirishani. Pale chini ya kiti cha nyuma aliona punje za mchele. Na ua la karatasi la rangi ya waridi, limekanyagwa. Kwenye mkono wa mlango kulikuwa na uzi wa utepe, bado umefungwa fundo.

Ndani ya kifua chake kitu kikaanza kuchemka, polepole, kama uji wa chungu kizito.

"Shemeji," akasema, bila kugeuka, "Jumamosi ilikuwa arusi ya nani?"

Haruna akasema arusi ni nyingi. Mwanahamisi akamgeukia Useni, na Useni akaangalia viatu vyake, na hapo akaelewa yote mawili: kwamba Haruna amekwisha kulitembeza lile gari arusini kabla jamaa hawajakaa, na kwamba mtoto wake mwenyewe alikuwa ndani yake.

"Na weye Useni ulikaa nyuma ao mbele?"

"Nyuma, mama."

"Ulinyoosha miguu?"

Useni akaivuta miguu yake nyuma.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Wale jamaa walidhani Mwanahamisi amepoa, maana alikuwa mjane wa kuswali na kunyamaza, haonekani kwenye ugomvi. Lakini mvua ya siku aliyokufa Juma ilikuwa bado inanyesha ndani yake. Juma alikuwa amepanda Fizi, mlimani, kwenye matanga, yeye Mwanahamisi na Haruna pamoja naye, na huko ngiri yake ya kinena ikajinyonga. Tumbo likawa gumu kama ubao. Wanaume wanne wa mtaa hawakungoja kuitwa. Walileta kipoyi chao, miti miwili ya mwanzi na kitanda cha kamba katikati, kile kinachobeba kila mgonjwa wa mlima wao. Walisema watamshusha kwa njia ya miguu mpaka chini kwenye njia panda, ambako lori la Baraka limesimama, limeshindwa kupanda kwa matope. Haruna ndiye aliyekataa. Alikuwa amepanda na gari la rafiki yake, gari zuri, la chini, lililofika kabla ya mvua. Alisema kapiteni wa boti hawezi kubebwa mabegani kama mkungu wa ndizi, watu wataona nini. Basi wakamkunja Juma kwenye kiti cha nyuma, magoti kifuani, kichwa chake begani mwa Mwanahamisi, Haruna kwenye usukani. Hata nusu ya mteremko hawakufika. Tumbo la gari likapanda juu ya jiwe, likakaa pale, na mafuta yakamwagika yote kwenye tope. Wale wanaume wa kipoyi walikuwa wanakuja nyuma kwa miguu, bila kuambiwa na mtu, kwa sababu waliijua barabara yao. Walipofika Juma alikuwa amekwisha kusema wasia wake na kufa.

Alikufa amekaa. Mtu aliyelala maisha yake yote amenyooka juu ya mbao za boti, anaangalia nyota, alikufa amekunjwa kama nguo. Wale wanaume wakamlaza juu ya kipoyi na kumteremsha mpaka kwenye lori. Na siku ya kumwosha, waoshaji walitoka nje wakiwa na jasho, wakasema magoti yanakataa kunyooka.

Kipoyi kilifika Baraka pamoja na maiti, kikabaki nyuma ya nyumba ya Mwanahamisi. Kila asubuhi akienda kutawadha alikuwa anakipita.

Sasa, kiwanjani kwa Patrice, alimwambia Useni aende nyumbani akakilete.

Useni akaenda. Watu wakangoja bila kujua wanangoja nini. Haruna alijaribu kumaliza maneno, akasema walio wengi wameonekana wanataka Simba. Mwanahamisi akamkumbusha wasia, mbele ya wote. Haruna akavuta pumzi kama mtu anayemwonea mtoto huruma. Akasema shemeji, sisi wote tulimpenda, lakini mtu wa homa anasema kitu chochote, na hata masheikh wanasema wasia wa mtu ambaye akili zimemtoka si wasia. Jamaa wakatikisa kichwa. Lilikuwa neno la dini, na neno la dini linaziba mdomo.

Mwanahamisi alifunga macho, akasoma audhu billahi kimoyomoyo, maana aliona ulimi wake unataka kusema kitu ambacho mwanamke wa kuswali hasemi.

Kipoyi kilipofika, wafanyakazi wawili wa Patrice walirudi nyuma. Mwanahamisi akakilaza chini na kumwambia Haruna apande, alale, atiwe kwenye gari moja moja, ili wote waone mgonjwa anakaaje mle. Haruna akashtuka. Akasema, na kweli ndivyo watu wa pande zile wanavyoshika, kipoyi hakilaliwi na mtu mzima. Anayekilalia bila ugonjwa anauita.

"Unaogopa?"

"Ni desturi, shemeji. Hata weye unaijua."

"Naijua. Na kifo kinaitwa na Mungu, hakiitwe na miti miwili." Akavua viatu. Akakaza mtandio wake kichwani, akashika kitenge chake vizuri kwenye vifundo vya miguu, akajilaza juu ya kipoyi pale mbele ya wanaume, jua likimwangukia usoni. "Useni. Nibebe. Nipeleke kwa Simba."

Useni alisimama kama mti. Nje ya uzio vijana walikuwa wamekusanyika, mmoja akaanza kucheka, akasema mama anataka kwenda arusini. Hakuna aliyemfuata kicheko. Mwishowe Useni akainama, na mfanyakazi mmoja, akimwomba Yesu kwa sauti ndogo, akashika upande wa pili.

Kipoyi hakikuingia ndani ya Simba. Gari lilikuwa na milango miwili, na kiti cha mbele kimelala juu ya cha nyuma, na pale katikati ni nafasi ya kupitisha mbuzi. Walijaribu kuingiza miguu kwanza, wakajaribu kichwa. Bibi-arusi naye alipojaribiwa, miti ya mwanzi ilibaki nje ya mlango kama pembe. Mwanahamisi akawaambia basi, wamrudishe kwa Simba. Akateremka kwenye kipoyi, akaingia mwenyewe kwenye kile kiti cha nyuma kilichojaa punje za mchele. Akavuta magoti mpaka kifuani. Akainamisha shingo, kwa kuwa paa lilikuwa linamgusa.

"Funga mlango."

"Mama," Useni akasema.

"Funga. Sitatoka humu mpaka shemeji yangu aseme mbele ya jamaa kaka yake alimwambia nini. Si mimi niseme. Yeye."

Useni akafunga.

Ndani ya gari jekundu, mchana wa Baraka, vioo vimepandishwa, hewa inakuwa kitu kingine. Jasho lilianza kwenye mgongo, likateremka. Magoti yakamuuma, kisha yakaacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi. Kupitia kioo aliwaona watu bila kuwasikia vizuri, midomo inakwenda, mikono inapanda. Alimwona mjomba akimnyooshea Haruna kidole. Alimwona Haruna akigeuka kwenda langoni, akasimama, akarudi. Hakusoma tasbihi. Alikuwa na hasira tupu, safi, na alimwambia Mungu wake ukweli kwamba anayo, na kwamba haombi imtoke. Alikuwa anafikiri juu ya Juma, kwamba hivi ndivyo dunia ilivyokuwa mbele ya macho yake mwisho kabisa: nyuma ya kiti, na shingo ya Haruna.

Patrice ndiye aliyesogea mbele, na yeye alikuwa na shida yake. "Bwana Haruna, gari bado ni yangu, ni yangu kabisa. Mama akinifia mule, mimi ndiye nitaenda kulala kwa polisi, si weye. Kama iko neno la kusema, sema, tafazali."

Haruna akaja karibu na mlango. Alikuwa amevua kofia. Aliangalia ndani kupitia kioo, na Mwanahamisi alimwangalia naye, magoti kifuani, kichwa kimepinda. Hakuondoa macho. Alitaka aone. Alitaka aone vizuri, maana siku ile Haruna alikuwa amekaa mbele na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Uso wa Haruna ukabadilika.

"Alisema," akaanza, akageukia jamaa, akashindwa kuwaangalia, akarudi kuangalia kioo. "Alisema: Haruna, gari yako ni nzuri sana. Imekosa tu maji chini yake."

Mtu mmoja alicheka bila kutaka, kicheko kifupi. Maana kila mtu pale aliisikia sauti yenyewe ya Juma. Lilikuwa neno lake kabisa, la mtu wa ziwa anayemtania mdogo wake.

Mwanahamisi akasukuma mlango kidogo kutoka ndani. "Muntu wa homa anataniaka hivyo?"

"Hapana."

"Alikuwa na akili ao hakuwa nazo?"

"Alikuwa nazo."

"Na kisha alisema nini?"

Haruna alikaa chini, pale pale vumbini, na kanzu yake. "Alisema: boti yangu ibebe bagonjwa. Na balale. Balale banyooke."

Useni ndiye aliyefungua mlango wote na kumtoa mama yake, akimshika chini ya makwapa, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hakungoja wazee. Alisema gari la baba ni Punda, na kama kuna mtu wa kupinga aseme sasa. Hakuna aliyepinga. Wakafungua mlango wa nyuma wa ile jeep, mlango mmoja mpana kama wa ghala, wakalaza viti, wakakisukuma kipoyi. Kikaingia chote, ncha za mwanzi zikapita katikati ya viti vya mbele, na juu yake mtu angeweza kulala na bado mwingine akakaa kando kumshika mkono. Kuku alitoka chini akilalamika, na vifaranga vyake.

Mwanahamisi alikunywa maji aliyoletewa. Haruna akamsogelea, akataka kusema jambo, labda la kuomba msamaha. Yeye akamkatisha. Alimwambia kipoyi kile si chake wala si cha Juma, ni cha watu wa Fizi, na tangu siku ile wagonjwa wa mlima ule wanabebwa na nini, Mungu anajua. Kinarudi kwao. Kinarudi leo. "Na wewe ndiye utaendesha, shemeji. Utawapa kwa mikono yako, na utawaambia kwa nini ulikikataa."

Wakaondoka baada ya alasiri, Haruna kwenye usukani uliokaa upande wa kulia kama magari yote ya kutoka ng'ambo, Mwanahamisi kando yake, Useni nyuma pamoja na kipoyi. Mvua ilikuwa imenyesha juu kwa siku kadhaa. Matope yaliwapokea mapema, mekundu, mazito, na Punda akayaingia akitoa sauti ya kikohozi na kutokea upande wa pili. Mwanzi uligonga bati nyuma kwa kila shimo.

Walipopita nusu ya mlima Haruna akapunguza mwendo. Hakuna aliyemwambia. Jiwe lilikuwa pale pale, limetokeza mgongo wake katikati ya njia, na mvua zote zile hazikuwa zimeling'oa. Mwanahamisi alishika mlango kwa mkono mmoja. Alijua kitakachokuja, ile sauti ya chuma, alikuwa ameisikia usingizini mara nyingi. Akangoja.

Punda akapita. Jiwe likaingia chini ya tumbo lake na kutoka nyuma, na hapakusikika kitu, hata mkwaruzo.

Alikuwa amedhani siku gari litakapopita pale atapata utulivu. Haukuja utulivu. Ilikuja hasira mpya, kubwa kuliko ile ya mchana, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

"Shemeji," Haruna akasema, "nisimame?"

Mwanahamisi aliangalia mbele, kule juu ambako moshi wa Fizi ulikuwa umeanza kuonekana, na ambako wale wanaume wanne wa kipoyi walikuwa wanangoja kitu chao.

"Siku ile ulisimama," akasema. "Leo, endesha."